Mlima Haukuwa Zawadi ya Bibi kwa Mjukuu



Ipo hadithi ambayo vijana wetu wa Olasiti wanaoongoza watalii huisimulia kwa tabasamu: kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake, Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro katika siku yake ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka wetu na Kenya unapinda pale mlimani. Wageni hucheka, nasi hucheka pamoja nao. Leo tunasema wazi: hadithi hiyo ni ya uongo, tena ni uongo unaotudhuru.

Tuhesabu miaka. Victoria alitawala tangu 1837 hadi 1901. Mpaka huo ulikubaliwa mwaka 1886, wakati Wilhelm hajawa Kaizari. Aliyetawala Berlin alikuwa babu yake, Wilhelm I. Mjukuu alirithi kiti Juni 1888. Wala malkia hakuwa na mamlaka ya kugawa nchi kwa hiari yake. Serikali mbili zilipatana. Tayari mwaka 1884 Carl Peters alikuwa amepita bara akikusanya mikataba, na Februari 1885 Wilhelm I aliipa kampuni yake hati ya ulinzi.

Zawadi moja ya kweli tunaijua. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, alikiita kilele hicho kwa jina la Wilhelm, akachukua jiwe na kumpelekea Kaizari. Hata jiwe hilo halikuwa lake.

Wengine watatuambia, "Padre, huo ni utani tu wa kuchangamsha wageni." Hapana. Utani huu unauvika wizi joho la upendo wa bibi, na penye sherehe hakuna aulizaye habari za damu. Damu ilikuwapo. Tarehe 2 Machi 1900, Victoria angali hai, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Hao ni wazee wa nchi hii tunayoikanyaga. Ni nani aliyewasimulia watalii habari zao?

Tukumbuke shamba la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu alitamani, barua zikaandikwa, muhuri ukagongwa, mashahidi wa uongo wakapatikana, na mwenye shamba akafa. Karatasi zote zilikuwa safi. Haki ndiyo haikuwapo.

Nasi tusijifanye watakatifu. Katika mitaa yetu viwanja vimepanda bei, na wapo mashemeji wanaouza kiwanja cha mjane matanga hayajaanuliwa, na mashahidi wanaotia saini kwa bei ya soda. Anayefurahia hadithi ya mlima uliotolewa na asiye mwenyewe amekwisha kuizoeza dhamiri yake. Kosa ni lile lile, iwe Kilimanjaro au kipande cha hatua ishirini.

Basi tunawasihi waongoza watalii: msimulieni mgeni ukweli, mgeni mwema ataheshimu ukweli kuliko kichekesho. Na wewe uliyeombwa kuwa shahidi wa mauziano wiki hii, uliza kwanza: mwenye mali yuko wapi?