Mwaridi wa Kopo na Somo la Biolojia

Katika shule nyingi za sekondari nchini, mwaridi hupandwa mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, ukazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na hapo ukabaki kuwa pambo la kupokelea wageni. Mwanafunzi hukutana nao anapotumwa kuumwagilia maji, na mara nyingi hutumwa kwa sababu amechelewa au ametenda kosa fulani. Kwa miaka minne huupita akienda darasani kuchora ua lililomo kitabuni. Maoni yangu ni kwamba mmea wa namna hiyo haustahili maji unayopewa. Ama uingizwe katika somo, ama shimo lake lipandwe mchicha.

Nasema hivi nikizifikiria hasa shule za mahali kama Murukulazo, na kwa jumla zile za vilima vya Ngara na Biharamulo. Huko maji mengi huchotwa bondeni na kupandishwa kwa ndoo kichwani, na kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika kabisa. Pahali kama hapo, kuuliza ni mmea upi unaostahili lita moja ya maji si kufanya mzaha. Ninalopendekeza ni kuiacha miwaridi mirefu ya mbele ya ofisi na kuotesha ile midogo, ambayo kimo chake huwa baina ya sentimeta 15 na 45, katika makopo yaliyopangwa nje ya chumba cha biolojia. Kopo la lita 4 au 5 hutosha mmea mmoja, nao huhitaji kiasi cha nusu lita ya maji kwa siku wakati wa kiangazi. Makopo ishirini yatakunywa lita 10, yaani nusu debe. Kitalu cha mbele ya ofisi humeza zaidi ya hapo bila kumfundisha mtu chochote.

Hali ya hewa haina kizuizi. Sehemu kubwa ya vilima hivyo iko baina ya mita 1,200 na 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kila tupandapo mita 100, hewa ya huko ni ya baridi kuliko ya pwani kwa nyuzi 7 hadi 11. Aidha, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, mchana haupungui sana saa 12 mwezi wowote wa mwaka, hali nchini Uholanzi mchana wa Desemba hauzidi saa 8. Ndiyo sababu wafanyabiashara wa maua waliifuata Naivasha nchini Kenya, iliyo karibu mita 1,900, na vilevile nyanda za Arusha.

Lakini hali ya hewa peke yake haielezi kwa nini mwaridi mdogo huchanua mwaka mzima, na hapa ndipo somo linapoanza. Miwaridi mingi ya kale ya Ulaya ilichanua mara moja tu kwa mwaka. Ile iliyochanua mfululizo ilitoka Uchina, ikafika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Mnamo mwaka 2012 wanasayansi wa Ufaransa na Japani walitangaza kiini cha tofauti hiyo. Mwaridi unao jeni ambao kazi yake ni kuuzuia mmea usichanue. Katika miwaridi ya Kichina, kipande kigeni cha DNA kilijipachika ndani ya jeni huo na kuuharibu. Breki ikikatika, mmea huendelea kuchanua. Walimu wanaotafuta mfano wa mabadiliko ya ghafla ya jeni usiohusu ugonjwa wala kasoro watauona katika kopo hilo.

Ufupi wenyewe nao una historia yake. Mwaka 1922 Henri Correvon, mtaalamu wa mimea wa Geneva, alieleza mwaridi mdogo sana uliokuwa ukioteshwa na wanavijiji wa Uswisi katika vyungu madirishani mwao. Aliupa jina la Roulet, daktari wa jeshi aliyemwonyesha. Mkulima wa Kiholanzi, Jan de Vink wa Boskoop, akauzalisha na miwaridi mingine, na mmoja wa watoto wa uzalishaji huo ukaanza kuuzwa Marekani mwaka 1936. Baadaye Ralph Moore wa Visalia, California, aliyeishi kutoka 1907 hadi 2009, alitoa aina mpya kwa mamia. Kazi yao ilirahisishwa na jambo moja: ufupi huu ni sifa tawala. Uzalishapo mfupi na mrefu, wafupi huonekana katika kizazi cha kwanza. Mwanafunzi aliyekariri njegere za Mendel, ambamo urefu ndio unaotawala, atashangaa kidogo, na ni vema ashangae.

Tahadhari moja kwa wanunuzi. Baadhi ya miwaridi inayouzwa katika vyungu vidogo haikuzaliwa mifupi kiasi hicho, bali imenyunyiziwa dawa ya kuzuia ukuaji ili ipendeze dukani. Dawa ikiisha nguvu mmea hurefuka. Simlaumu sana muuzaji, maana amempa mwalimu somo zuri la tofauti baina ya sifa ya kurithi na sifa ya mazingira: chukua vikonyo vya mmea huo, vioteshe, kisha upime kimo chake.

Namna ya kuotesha si ngumu. Kopo litobolewe matundu chini, liwekwe vipande vya matofali, kisha udongo wa juu sehemu 2, mboji sehemu 1 na mchanga sehemu 1. Udongo mwekundu wa vilimani mara nyingi una tindikali, basi majivu kidogo ya jikoni yatasaidia. Mmea upate jua la saa 6 au zaidi, hasa la asubuhi. Maji yamwagwe udongoni, yasimwagwe juu ya majani: kuvu wa madoa meusi, ambao ndio adui mkubwa wakati wa mvua, huhitaji jani lililolowa kwa kiasi cha saa 7 ndipo mbegu zake ziweze kuingia. Kiangazi huja utitiri na ubwiri unga. Majani yenye ugonjwa yachumwe na kuchomwa, wala shule isikimbilie dawa za kunyunyizia. Ua likinyauka, kikonyo kikatwe juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano, na baada ya wiki 6 au 7 mengine yatachanua.

Sasa nijibu pingamizi ambalo najua litatolewa, nalo ni la haki. Watasema: uzazi usiohusisha mbegu hufundishwa vizuri kwa muhogo na matembele, mimea ambayo isitoshe huliwa. Ni kweli. Tatizo la muhogo ni kwamba huota karibu kila unapouchomeka, hata mwanafunzi asiwe na la kuuliza. Vikonyo vya mwaridi huota vingine na vingine hufa, na sababu za kufa zaweza kuchunguzwa. Kata vikonyo 20 vyenye macho mawili au matatu, 10 uviachie jani moja la juu, 10 uviondolee majani yote. Vifunike vyote kwa mfuko mwangavu wa nailoni, uviweke kivulini, na uhesabu vyenye mizizi baada ya wiki 4. Jani hutengeneza chakula na kupeleka homoni chini kwenye jeraha, lakini pia hupoteza maji. Ondoa mfuko katika nusu ya vikonyo uone ni lipi linalozidi. Tena, mimea yote iliyotoka katika mzazi mmoja ina urithi ule ule, hivyo tofauti zitakazoonekana baina ya kopo lililopakwa chokaa na kopo jeusi lililopigwa na jua zitatokana na kopo, si na mbegu. Kwa mchicha uliomwagwa kutoka kiganjani hatuna hakika hiyo.

Wala ujuzi huu haukomi kwenye maua. Kahawa aina ya robusta ya mkoa wa Kagera haiwezi kujichavusha yenyewe, hivyo miche ya mbegu haifanani na mama yake, na mkulima atakaye aina bora hupewa miche ya vikonyo, kama ile inayotolewa na kituo cha utafiti wa kahawa cha Maruku karibu na Bukoba. Kijana aliyefaulu kuotesha vikonyo 14 vya mwaridi kati ya 20 anajua tayari unyevu, kivuli na subira vinavyotakiwa. Kadhalika kisu. Kwa mwaridi tunamfundisha kukipitisha motoni kabla ya kuhamia mmea mwingine. Mnyauko wa bakteria, ulioingia migombani Kagera katika miaka ya 2000, huenezwa na kisu kisichopitishwa motoni, na mgomba ndio chakula cha nyumba nyingi za huko. Ni heri tabia hiyo ikazoewa juu ya kopo, kabla kijana hajakabidhiwa shamba la baba yake.

Kuhusu kazi ya maji, ni lazima iondolewe katika orodha ya adhabu. Mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa mwaridi hatauchunguza. Zamu iwe ya wenye majaribio, wavulana kwa wasichana, na kila kopo liwe na daftari lake.

Mahali pa kupata mimea ya kwanza ni kwa wauza miche wa mijini, au katika nyua za misheni na za nyumba za zamani ambamo miwaridi midogo imekuwapo kwa muda mrefu. Vikonyo vinne au vitano vyatosha kuanzia. Baadhi ya aina mpya zina hakimiliki ya mgunduzi, na Tanzania imo katika mkataba wa kimataifa wa UPOV unaolinda haki hizo; lakini mkataba huo hauhesabu kuwa kosa kuotesha kwa ajili ya majaribio wala kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Shule ikitaka kuuza miche iulize kwanza aina iliyo nayo. Wakati mzuri wa kukata vikonyo ni Septemba, mvua zinapoanza kurudi.