MAKOFI YA DODOMA HAYAJAZI GUNIA

Ndugu wanachama wa Karagwe na Kyerwa, twasema wazi: mbunge hapimwi kwa makofi ya Dodoma. Hupimwa penye mizani ya chama cha msingi, siku mkulima anapopeleka kahawa yake ya maganda.

Karagwe haijakosa viti vya ukubwa. Marehemu George Kahama, mwana wa Karagwe, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani nchi ilipopata uhuru mwaka 1961. Bwana Innocent Bashungwa, aliyechaguliwa mwaka 2015, aliingia Serikalini mwaka 2018 akiwa Naibu Waziri wa Kilimo. Akapita Viwanda, Habari, TAMISEMI, Ulinzi na Ujenzi, na Desemba 2024 akakabidhiwa Mambo ya Ndani. Hatumwonei wivu wala hatumtukani. Twauliza jambo moja tu: miaka yote hiyo, nani aliyeiuliza Serikali maswali kwa niaba ya Karagwe?

Katiba, ibara ya 63, yalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali, na mbunge haki ya kumwuliza Waziri swali lolote. Ibara ya 55 yataka Mawaziri watoke miongoni mwa wabunge hao hao. Ibara ya 53 yawafunga Mawaziri wote kuwajibika kwa pamoja. Basi Waziri akisimama Bungeni husimama kujibu, si kuuliza. Mshika mbili moja humponyoka, na iliyoponyoka ni ya kwetu.

Watatuambia: "Waziri huleta barabara." Je, barabara ni zawadi ya bwana mkubwa? Hapana! Ni kodi yetu sisi. Wenzetu wa Kyerwa, wilaya iliyoanza mwaka 2012, walikuwa na Bwana Innocent Bilakwate tangu 2015 hadi 2025. Yeye, asiye Waziri, aliweza kusimama na kuuliza habari za kahawa. Lakini kahawa haijui mpaka wa jimbo. Kwa nini sauti iwe ya upande mmoja?

Na mkulima je? Mwaka 2018 Serikali iliamuru kahawa yote iuzwe kwa vyama vya ushirika. Malipo yanapochelewa, mwenye ada ya mtoto shingoni huuza maua yangali mtini, ndiyo butura. Au gunia huvuka Mto Kagera usiku kwenda Uganda. Mkulima huitwa mhalifu. Aliyechelewesha fedha haambiwi neno. Mwanzoni mwa mwaka 2025 robusta ilipita dola 5,000 kwa tani katika soko la London. Aliyekwisha kuuza kwa butura alisikia bei hiyo redioni tu.

Twadai mambo mawili. Kwanza, kila baada ya kikao cha Bunge, mbunge aje mbele ya wakulima aseme aliuliza nini na alijibiwa nini. Pili, lifufuliwe pendekezo la Rasimu ya Katiba ya mwaka 2013, kwamba Waziri asiwe mbunge.

Ndugu, kura si asante kwa mkubwa. Kura ni agizo, na aliyeagizwa sharti arudi kusema alikofikia.