Barua kutoka Southampton: Kila begi mpakani lijulikane ni la nani

Ndugu zangu wa Sigalame, Busia na Malaba,

Mulembe kwenu Wasamia, Wakhayo na Wamarachi. Yoga, Wateso wa Amagoro na Amukura. Amosou, Wajaluo mnaoleta samaki kutoka ziwani. Nawaandikia nikiwa na hasira, lakini ni hasira ya mtu wa kwenu, kwa hivyo mnivumilie hadi nimalize.

Picha mliyoiweka kwenye kikundi chetu majuzi imeninyima usingizi. Magunia ya bangi yamepangwa mbele ya kituo cha polisi, kijana wa boda boda ameketishwa chini na pingu mikononi, maafisa wamesimama nyuma yake wakitazama kamera. Maelezo ya chini ni yale yale ya miaka yote: mwenye mali anasakwa. Tangu nikiwa mtoto wa shule anasakwa, na sijawahi kusoma kwamba amepatikana. Halafu nyinyi mkacheka. Mmoja akaandika kwamba kijana hana akili, angepitia upande wa mto. Mwingine akauliza pikipiki yake itauzwa lini. Nilisoma maneno hayo nikiwa mapumzikoni kazini, nikafunga simu. Yule kijana ana mama, na mama huyo anakutana nanyi sokoni.

Mimi hapa nabeba mizigo ya abiria wa meli za kitalii. Meli moja kubwa huchukua maelfu ya watu. Siku inapotia nanga tunashusha mabegi tangu alfajiri, na mchana tunapakia ya wale wanaoingia. Kila begi linalopita mikononi mwangu lina kipande cha karatasi kilichofungwa kwenye mshikio wake: jina la abiria na namba ya chumba chake melini. Begi lisilo na karatasi halipandi. Linawekwa kando, anaitwa msimamizi, na mwenyewe hutafutwa kwanza. Karatasi hiyo abiria huichapisha nyumbani kwake na kuibana kwa stepla. Hilo ndilo linalonichoma. Tukizungumzia mpaka wetu husemwa kila mara kwamba hatuna mashine, hatuna mbwa, hatuna pesa. Lakini karatasi na uzi tunavyo.

Msidhani nasema dawa za kulevya hazipandi meli hizi. Agosti 2016 meli ya Sea Princess, iliyokuwa imetoka Uingereza na kupitia Marekani, Kolombia, Panama, Peru na Chile, ilifika Sydney. Maafisa wa Australia wakapanda na mbwa wao, wakapekua vyumba, wakatoa mabegi yenye kilo 95 za kokeini. Wenyewe walikuwa abiria watatu kutoka Quebec, Kanada: wasichana wawili na mwanamume mtu mzima. Wasichana wale walikuwa wakijipiga picha katika kila bandari na kuziweka mtandaoni, ufukweni, sokoni, wakiwa na madafu mkononi. Nataka mwone jinsi walivyopatikana. Australia, Marekani na Kanada zilikuwa zimepashana habari za abiria wa kutiliwa shaka kabla meli haijafika. Mabegi yalikuwa ndani ya chumba, chumba kina namba, na namba ina jina. Mhudumu anayetandika vitanda hakuhitaji kupigwa makofi ili aseme begi ni la nani. Walikiri kortini, wasichana wakafungwa, mmoja miaka 7 na nusu, mwingine 8.

Sasa tazameni wetu. Mwaka 2023 mwanamke Mkenya alisafiri kutoka Nairobi na begi alilokabidhiwa na mtu. Julai akakamatwa katika uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh, Vietnam, begi likiwa na zaidi ya kilo 2 za kokeini. Alisema hakujua kilichofichwa ndani. Machi 2025 mahakama ikamhukumu kifo. Nchi ikalia kwa siku kadhaa, wizara yetu ya mambo ya nje ikaanza kubembeleza, na Juni ya mwaka huo bunge la Vietnam likaondoa hukumu ya kifo kwa kosa la kusafirisha dawa hizo. Kilo 95 zikawapa wale miaka isiyofika kumi; kilo 2 zikamfikisha wetu kwenye mlango wa kifo. Na mwaka 2014, kabla ya hayo, China iliwaua Waganda wawili kwa kosa la aina hiyo, watu wa ng'ambo tu ya mto kutoka kwetu.

Mtaniambia hao walipitia viwanja vya ndege, na sisi ni watu wa mpakani. Lakini mtu hujifunzia wapi kubeba mzigo wa mtu bila kuuliza? Wazee wenu wanajua jibu. Julai 1975 baridi iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapaa duniani, na kahawa ya Uganda chini ya Idi Amin ikaanza kuvuka usiku, kichwani, kwa punda na kwa baiskeli, hadi soko la Chepkube kule Bungoma. Mwaka 1976 watu walitajirika kwa wiki chache tu. Nyumba zilijengwa, malori yakanunuliwa, watoto wakapelekwa shule. Sikatai hilo, huenda karo yangu mwenyewe ilitoka kwenye magunia yale. Ila tukarithi kanuni moja ambayo hatujaiacha: beba, usiulize, chukua chako, nenda. Kwa kahawa kanuni hiyo haikumharibu mtoto wa mtu akili. Leo inabeba bangi kutoka ng'ambo kupitia njia za panya, vivuko vya mto Malaba na mto Sio, na mashua zinazokuja usiku hadi Sio Port na Port Victoria. Gunia likishafika upande wetu linapandishwa basi la Kisumu, Nakuru na Nairobi mchana kweupe, na halina jina.

Hata wakubwa wa dawa za kulevya wa pwani hatukuwafikia sisi wenyewe. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata jahazi lenye kilo 1,032 za heroini nje ya pwani ya Mombasa. Ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa Mombasa mwishoni mwa mwaka huo, lakini ilibidi wapelekwe New York mwaka 2017 ndipo kesi iende: Baktash akapewa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Kwetu watoto wa boda boda ndio wanaofungwa. Wenye mali tunasubiri mgeni aje awachukue.

Sasa naomba mnisikilize kwa hili moja, mengine mkiyasahau nitawasamehe. Kila begi, kila gunia na kila boksi linalopandishwa gari katika stendi za Busia na Malaba lifungwe kadi yenye namba, na kipande cha kadi hiyo kibaki mkononi mwa abiria. Kondakta aandike namba ya kitambulisho na namba ya kiti. Nakala ya orodha ibaki ofisini kwenye stendi kabla gari halijaondoka. Mzigo unaosafiri bila mtu ufunguliwe mbele ya aliyeuleta, ufungwe tena, na yaandikwe majina mawili, la anayetuma na la anayepokea, pamoja na vitambulisho vyao. Kadi, uzi na daftari. Hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kusimamia kazi hiyo wakati wa likizo.

Nimechagua stendi kwa makusudi. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa Februari 2018 na marais Kenyatta na Museveni, na utaratibu wake ni mzuri: unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia, na maafisa wa nchi zote mbili wapo hapo. Lakini tazameni kinachofanyika. Abiria anashuka, anapanga foleni dirishani, anaonyesha kitambulisho, anarudi garini. Mtu ameandikwa, begi lake limebaki kwenye buti. Na bangi nyingi haipiti hapo hata kidogo. Inazunguka, kisha inaingia stendi. Stendi ni ya kaunti. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya usafiri wa umma na maegesho, kwa hivyo hatuhitaji kungoja Nairobi wala Arusha. Bunge la Kaunti ya Busia linaweza kupitisha sheria ndogo hiyo na Gavana Otuoma akaitia sahihi. Kituo cha pamoja kifuate baadaye kwa mabasi yanayotoka Kampala: abiria asimame kando ya begi lake, kadi mkononi, kabla gari halijaondoka.

Najua mtakayosema, kwa sababu mimi pia nimelelewa stendi. Mtasema magari yatachelewa. Yanachelewa sasa pia, yakingoja abiria wa mwisho wa kujaza kiti. Mtasema wageni hawana vitambulisho vyetu. Tangu 2014 Mganda na Mnyarwanda wanaingia Kenya kwa kitambulisho cha kwao, na kina namba. Mama mwenye magunia ya vitunguu atafungiwa kadi kwa kila gunia, na jioni akifika Nairobi atafurahi kwamba hakuna wa kumnyang'anya moja akidai ni lake. Wale ndugu walemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, ambao kila mtu huwapa mzigo akijua hawapekuliwi sana, watakuwa na karatasi ya kuwatetea.

Jambo ninaloambiwa kila ninapolitaja hili ni kwamba polisi watageuza kadi kuwa njia mpya ya kuomba hongo. Fikirini vizuri. Hongo ya mpakani inaishi kwa sababu begi halina mwenyewe. Afisa akikuta bangi kwenye buti ya basi anaweza kumshika yeyote, na kila aliyemo ndani anatoa kitu ili asiwe yeye. Kondakta anatoa, dereva anatoa, na kijana asiye na kitu anashuka na pingu. Begi likiwa na namba na namba ikiwa na kiti, wengine wote wako salama. Huyo mmoja naye, siku atakapopewa kadi aandikishe gunia kwa jina lake, atajiuliza swali ambalo leo halazimiki kujiuliza: ndani mna nini? Akitoa jina la uongo, kitambulisho kitamsaliti. Akitumiwa mara kwa mara, namba yake itarudi kwenye orodha hadi mtu aulize anamfanyia nani kazi. Hapo ndipo tutaanza kumfikia mwenye mali.

Na boda boda, msijitoe. Kazi hii ilianzia kwenu, hapo Busia, watu wakivushwa kwa baiskeli, kisha ikaenea Afrika Mashariki yote. Kila steji ina mwenyekiti. Awe na daftari. Mzigo usio na mtu juu ya pikipiki uandikwe: nani kautoa, unaenda kwa nani, namba za simu. Asiyetaka kuandikwa na abebe mwenyewe.

Nina sababu ya kusisitiza. Mtoto wa senge wangu, yaani shangazi, alikuwa mwendesha boda boda. Alikabidhiwa begi lililofungwa alipeleke stendi, akaahidiwa nauli ya kawaida tu, na alikamatwa kabla hajafika. Mimi namwamini aliposema hakujua. Lakini imani yangu si ushahidi, na hakukuwa na karatasi yoyote duniani iliyoonyesha nani alimpa. Sasa yuko gerezani. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994, ilivyorekebishwa 2022, haina huruma kwa aliyeshikwa na mzigo mkononi. Senge hunipigia simu Jumapili. Haniombi kitu. Ananiambia mvua imenyesha, mihogo imekubali, kukhu, yaani bibi, anakusalimu. Namtumia pesa, na pesa inafika kabla sijaweka simu mezani. Mimi sijafika. Nilikuwa hapa alipokamatwa, nilikuwa hapa aliposomewa hukumu, na zamu ilipoisha nilirudi chumbani nikapika ugali wa unga wa duka la Wahindi, nikala peke yangu.

Kuna watakaosema aliyeondoka hana haki ya kuamuru. Sawa, naomba, siamuru. Niliondoka kwa sababu hapakuwa na kazi, na wengi wenu mnajua ni nani aliyeuza ng'ombe ili nipande ndege. Deni hilo halilipwi kwa kuezeka nyumba ya mabati pale Sigalame. Lakini pia sitakaa kimya eti kwa kuwa niko mbali. Mnapenda kuniambia kwamba Wazungu wameendelea kwa sababu ya pesa. Kazi ninayoifanya kila siku ni kufunga karatasi kwenye mabegi, na mshahara wake ndio unaowafikia kwa M-Pesa.

Mwakilishi wa wadi, ukija kwenye matanga Jumamosi ijayo, usimame uwaambie watu kama utaipeleka hoja hii bungeni au hutaipeleka. Wenye mabasi, chapisheni kadi zenu hata kabla ya sheria. Abiria watalichagua gari ambalo mizigo yao ina namba. Machifu, liwekeni jambo hili kwenye baraza. Wachungaji, tangazeni Jumapili. Nawe abiria unayesoma haya ukiwa stendi, mtu akikuomba umshikie begi hadi Kisumu, mwambie alifungue hapo hapo mbele yako, na akikataa, mwachie begi lake.