Mbunge Mwenye Mkopo Atachunguza Benki Gani?

Wasee, tuongee ukweli. Benki ikipatikana na uchafu, lazima mheshimiwa fulani atokee kwa TV akisema kamati itachunguza. Na sisi tunapiga makofi.

Oktoba 2015 Benki Kuu ilifunga Imperial Bank. Mabilioni yalikuwa yametoka kwa njia za panya. Wakati huo bima ya amana ilikuwa shilingi 100,000 pekee. Ukiwa na zaidi ya hiyo, ulibaki kungoja na kuomba Mungu.

Sasa cheki hii: mwaka huo huo, Bunge lilivunja PAC, kamati yake ya kulinda pesa za umma, juu ya madai ya hongo. Walinzi nao walihitaji mlinzi!

Sisemi wabunge wanyamaze. Kifungu cha 125 cha Katiba kinawapa nguvu kama za Mahakama Kuu kuita shahidi yeyote. Wenye benki wakiulizwa maswali hadharani, sisi wa kawaida tunajua ukweli mapema.

Shida ni kwamba mbunge naye ana mkopo, ana hisa, ana kampeni ya kulipia. Huwezi mpea fisi bucha alinde.

Kwa hivyo, kabla ya kuketi, kila mwanakamati aseme anadaiwa na benki gani. Kama ni ile inayochunguzwa, akae kando. Waulize maswali, lakini nani ashtakiwe waachie DPP, na nani afungwe waachie korti.

Hatutaki sinema ya saa moja jioni. Tunataka pesa za watu zirudi. Ama nadanganya?