GARI LIKITETEMEKA, LIPIGWE JEKI KABLA YA KUMKATA DEREVA



Tumeletewa lalamiko moja ambalo twaona lawahusu madereva wote wa barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga. Ndugu yetu mmoja, dereva wa matatu ya abiria 14, alimweleza tajiri wake kwamba usukani unatetemeka kila afikapo kilomita 70 kwa saa, na akifika 80, ambao ndio mwisho wa mwendo kwa magari ya abiria, mikono yamfa ganzi. Jibu alilopewa ni hili: "Umeliingiza gari shimoni, utalipa." Zikanunuliwa boljointi mpya, zikanunuliwa tairodi mpya, na fedha zikakatwa katika mshahara wake. Gari likarudi barabarani. Likatetemeka vile vile.

Mwishowe fundi mmoja wa Ukunda alifanya jambo lisilohitaji kununua hata nati moja. Alizihamisha tairi za mbele akazitia nyuma, na za nyuma akazileta mbele. Usukani ukatulia, mtetemo ukahamia kwenye viti vya abiria. Basi ugonjwa ulikuwa katika tairi. Moja lilikuwa limeachana nyuzi kwa ndani na kuvimba. Tairi hilo ndilo dereva aliloomba libadilishwe tangu zamani.

Sisi twasema hivi: mtetemo si uchawi, wala si ushahidi wa kumhukumu mtu. Una desturi zake, na mwenye kuuliza vizuri hujibiwa.

Swali la kwanza ni wapi. Ukisikika mikononi, tazama magurudumu ya mbele. Ukisikika kitini, tazama ya nyuma, au propela shafti.

Swali la pili ni lini. Ukija kwa mwendo tu, hata katika tambarare ya Ukunda, anza na nati za gurudumu, maana nati iliyolegea yaweza kuua watu siku hiyo hiyo. Kisha tazama upepo, uvimbe wa tairi, rimu iliyopinda, na balansi. Gurudumu la matatu likienda kilomita 80 huzunguka kama mara 11 kwa kila sekunde. Ikianguka risasi ya gramu 30 tu, gurudumu hupigwa kwa nguvu ya kama kilo mbili na nusu kila mzunguko. Na mwendo ukizidi mara mbili, pigo huzidi mara nne. Ndiyo sababu mjini hamsikii kitu. Na ninyi mtokao njia za udongo za Shimba Hills wakati wa masika, osheni rimu kwa ndani kwanza. Tope lililokauka upande mmoja laweza kuleta mtetemo huo huo.

Ukija mtetemo wakati wa kukanyaga breki tu, kwa mfano mkiteremka kutoka Kwale kuja Kombani, ugonjwa huenda ukawa katika diski. Ukija gari linapovuta mzigo kuupanda mlima huo huo, tazama shafti na jointi zake.

Wengi hukimbilia alaimenti. Alaimenti mbovu huvuta gari upande na kula tairi vibaya, lakini yenyewe kwa kawaida haitetemeshi usukani. Boljointi na tairodi nazo zipimwe, zisibahatishwe. Gari lipigwe jeki, likalie stendi imara, gurudumu lishikwe juu na chini litikiswe. Likicheza, tazama beringi na boljointi. Lishikwe kushoto na kulia. Likicheza huko tu, tazama tairodi. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na ingalimwokolea ndugu yetu mshahara wake.

Hatufichi kwamba wako madereva wanaopiga mashimo kwa kiburi, na rimu hupinda kwa namna hiyo. Dereva wa namna hiyo hatumtetei. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kumkata mfanyakazi kwa sababu ya mali iliyoharibika ikiwa yameharibika kwa kosa lake la makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Tairi kuukuu si makusudi ya dereva. Tajiri anayetaka kukata fedha na aonyeshe kwanza gurudumu lililopimwa.

Nasi tuna wajibu wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi kumwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na yakataza kumrudisha katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Maneno ya mdomo husahauliwa stendi. Andikeni tarehe, mwendo, mtetemo unasikika wapi na lini; mpeni tajiri nakala moja, moja mbaki nayo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi yetu ufa huanza mikononi mwa dereva, na ukuta huwa ni abiria 14 kando ya barabara, pamoja na dereva mwenyewe. Kwa hiyo twaomba jambo moja kwa matajiri wote wa Likoni, Diani, Msambweni na Lunga Lunga: jeki kwanza, hukumu baadaye.