Mwanagenzi wa Mbali: Mbali na Nani?

Katika miaka ya karibuni limezuka jambo ambalo wakufunzi wa zamani wasingalilifikiria. Mwanachuo anaketi bwenini mbele ya kompyuta au simu yake, na kwa muda wa miezi mitatu anahesabiwa kuwa mwanagenzi wa shirika kubwa la hisani ambalo makao yake yako ng'ambo. Hakupanda ndege wala hakuomba viza. Kazi huletewa kwa intaneti, naye huirudisha kwa njia hiyo hiyo, na mwisho wa muda hupewa cheti. Wanachuo wetu kadhaa wamekwisha kuupitia uanagenzi wa namna hii, na wengine wanatuuliza kama yafaa wauombe. Tena liko pendekezo, ambalo limepata watetezi hata miongoni mwa wakufunzi, kwamba miezi hiyo ihesabiwe badala ya sehemu ya mazoezi ya kufundisha. Kwa swali la kwanza twajibu ndiyo, kwa masharti. Kwa pendekezo la pili twajibu hapana, na hapa twataka kueleza sababu zetu.

Jambo lenyewe si geni kama linavyodhaniwa. Umoja wa Mataifa, kwa njia ya shirika lake la watu wa kujitolea, ulianza kuwapatia watu kazi za kujitolea kwa intaneti tangu mwaka 2000. Lakini lililokuwa la wachache likawa la wengi mwaka 2020, pale ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga ofisi za dunia. Mashirika yaliyozoea kuwapokea vijana ofisini yaliwaambia wabaki majumbani na kazi wapelekewe huko huko. Hapa kwetu Tanzania shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa zote Juni 29 mwaka huo; Kenya watoto wote walirudi darasani Januari 2021, na Uganda wakangoja hadi Januari 2022. Ofisi zilipofunguliwa tena, uanagenzi wa mbali haukufa. Mashirika yalikuwa yameona kwamba ni rahisi, na vijana wa nchi zetu walikuwa wameona kwamba mlango uliofungwa kwa nauli sasa u wazi. Hilo la pili tusilidharau. Kijana wa Songea aliyefundishwa kazi na mhariri mzoefu wa vitabu vya watoto amepata kitu ambacho baba yake hakuweza kukipata.

Yako pia mambo ya fedha, nayo tutayapita upesi. Uanagenzi wa namna hii mara nyingi hauna malipo. Nchini Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 1998 hailitaki shirika la hisani kumlipa mtu anayejitolea, ila huruhusu arudishiwe gharama zake. Basi mwanachuo anayenunua vifurushi vya intaneti kutoka katika posho yake ndogo ana haki ya kuuliza, kabla ya kukubali kazi, ni nani atakayevilipia. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Anayeona haya kuuliza atajikuta akilichangia shirika tajiri kuliko wilaya yake nzima.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Wanachuo wetu waliwekwa katika idara inayotayarisha hadithi fupi za watoto. Hadithi hizo huandikwa kwa Kiingereza, hutafsiriwa katika lugha nyingi, kisha hupangwa kwa ngazi kufuatana na uwezo wa msomaji. Wao walipewa zile za Kiswahili wazikague lugha na kuzipangia ngazi. Msimamizi wao alikuwa mhariri aliyekuwa nchi nyingine, na hakujua Kiswahili hata neno. Mtu angedhani kwamba hapo uanagenzi umeharibika kabla haujaanza, kwani atawezaje kumsahihisha mwenzake katika lugha asiyoijua? Mambo yakawa kinyume. Kwa kuwa hakujua lugha, alilazimika kuuliza sababu ya kila badiliko, na kwa kuwa aliuliza, wanachuo walilazimika kuzijua sababu zao.

Chukua mfano mmoja. Tafsiri ilisema, "Mbwa alikimbia chini ya barabara." Mwanachuo akaandika, "Mbwa alikimbia barabarani." Mhariri akauliza: umebadili nini, na kwa nini? Ikambidi mwanachuo aeleze kwamba mtoto wa Kiswahili akisikia "chini ya barabara" atamwona mbwa yule ndani ya kalvati. Mfano wa pili una uzito zaidi. Hadithi nyingine ilisema kwamba vuli ilipofika majani ya mti yalikauka yakaanguka. Mfasiri alikuwa amelitafuta neno la majira yale ya Ulaya ambayo miti hupukutisha majani, na kamusi ikampa "vuli". Lakini vuli yetu ni mvua ya kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mvua hiyo ikija majani huchipua. Mtoto atasoma kila neno bila kukosea, na asielewe chochote, au aelewe uongo. Mwanachuo aliyeliona hilo aliandika ukurasa mzima kulieleza, akiweka jedwali la miezi, mvua na mazao. Hatujapata kuona andalio la somo la jiografia lililoandikwa kwa bidii kiasi kile.

Hapa ndipo tunapousifu uanagenzi wa mbali bila kusitasita. Kazi ilisomwa yote, ikarudishwa katika muda wa siku mbili au tatu, na kila alama iliambatana na swali. Katika vyuo vingi andalio la somo hukaguliwa kwa haraka, hutiwa sahihi, na mwanachuo hubaki hajui kama lilikuwa zuri au lilikuwa limejazwa tu. Mwalimu hufundishika pale anapotakiwa kutetea alichokichagua, na kumtaka afanye hivyo kwaweza kufanyika hata kutoka upande wa pili wa dunia. Maandishi husafiri vizuri.

Lakini yako mambo yasiyosafiri. Shirika lilikuwa na kipimo chake cha kupanga ngazi, nacho kilihesabu maneno katika sentensi. Sentensi isiyozidi maneno manne iliwekwa ngazi ya kwanza, ya mtoto anayeanza kusoma. Kwa Kiingereza kipimo hicho kina maana, maana maneno yake ya kila siku mengi ni mafupi na hukaa mbalimbali. Sasa itazame sentensi hii iliyokuwamo katika hadithi moja: "Sisi hatukuwasikiliza kamwe." Ni maneno matatu, kwa hiyo ngazi ya kwanza. Lakini neno la katikati lina silabi nane: ha-tu-ku-wa-si-ki-li-za. Ndani yake mna kanusho, mtenda, wakati uliopita, watendwa na kitendo. Jambo ambalo Kiingereza hulisambaza katika maneno sita, Kiswahili hulifunga katika furushi moja, na mtoto wa darasa la kwanza hutakiwa alifungue lote kwa pumzi moja.

Wanachuo wawili waliipitia hadithi hiyo kwa wakati mmoja, kila mmoja peke yake. Mmoja alikuwa bado hajaenda mazoezini. Alihesabu maneno, akaona kipimo kimetimia, akaipitisha. Hatumlaumu, kwani alifuata maagizo aliyopewa, na hakuwa na kitu kingine cha kupimia. Wa pili alikuwa amemaliza majuma ya mazoezi katika darasa la pili. Alipolifikia neno lile akasimama, akaiandika hadithi kwenye karatasi ya manila na kuipeleka shule ya jirani, ambako mwalimu mkuu alimkubalia robo saa. Mtoto baada ya mtoto alisoma "hatukuwa", akatua. Kwa nini watue hapo? Kwa sababu "hatukuwa" ni neno kamili, lenye maana yake, na mtoto aliyekwisha kulitamka hudhani amefika. Kisha huona silabi nyingine zinamngoja, hurudi mwanzo, na akirudi mara ya pili huwa amekwisha kusahau "sisi" walikuwa wanafanya nini. Mwanachuo yule aliyaandika yote hayo na kumpelekea mhariri. Haukupita muda, kipimo cha Kiswahili kikaongezewa hesabu ya silabi.

Mtu atasema kwamba hayo yaonyesha jinsi uanagenzi wa mbali ulivyo mzuri, maana ripoti ilisomwa na kipimo kikarekebishwa. Ni kweli. Lakini ripoti ilitoka wapi? Ilitoka darasani, kwa mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto akasikia mahali sauti zao zinapokwama. Wanachuo wote wawili walikuwa mbali na mhariri kwa maili zile zile. Walitofautiana katika umbali wao na mtoto.

Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili, na inasikitisha kwamba wanachuo wa leo hawaijui sana. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Walimu hawakuwapo wa kutosha, wala vyuo visingeweza kuwatoa kwa muda ule. Basi kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakapelekwa katika shule za vijijini, na kufundishwa ualimu huku wakifundisha. Walisoma masomo yaliyopelekwa kwa posta, walisikiliza vipindi vya redio, walikutana na wakufunzi katika vituo, na mwishoni walikusanywa chuoni kwa majuma machache kabla ya kufanya mtihani. Zaidi ya vijana 40,000 waliingia katika mpango huo. Masomo yalichelewa njiani, redio zilikosa betri, na hata leo wako watu wanaotaja "mwalimu wa UPE" kwa dhihaka. Dhihaka hiyo hatuipendi. Wengi wa walimu hao ndio waliotufungulia sisi na wazazi wenu herufi, na wako waliojiendeleza hadi wakawa walimu wakuu na waratibu wa elimu.

Mpango ule ulikuwa na upungufu mwingi, lakini uliupanga umbali mahali panapovumilika. Mwanagenzi alikuwa mbali na mkufunzi, mbali na maktaba, mbali na chuo. Kwa watoto alikuwa karibu sana, kila siku ya juma, akisaidiwa na mwalimu mzoefu wa shule ile kila alipokuwapo. Akikosea asubuhi, uso wa mtoto ulimwambia kabla ya saa nne. Uanagenzi wa mashirika makubwa umeugeuza mpango huo juu chini. Mkufunzi amesogezwa karibu kiasi kwamba swali la jioni hupata jibu asubuhi, na mtoto ameondolewa kabisa, amebaki jina katika taarifa: "msomaji wa ngazi ya kwanza". Mashirika yana sababu njema ya kufanya hivyo. Hayawezi kumruhusu mtu ambaye hayajapata kumwona awaendee watoto kwa jina lao, na ulinzi huo ni wa lazima. Lakini sababu njema haibadili matokeo. Anayejifunza ualimu bila mtoto anajifunza kazi nyingine, pengine yenye heshima, kama uhariri au uandishi wa ripoti.

Kwa hiyo hatukubali miezi hiyo ihesabiwe badala ya mazoezi ya kufundisha, hata kwa juma moja. Mazoezi ndiyo mahali pekee ambapo mwanachuo hujifunza kulitawala darasa la watoto 80 lenye vitabu 20, kumtambua asiyeona ubaoni kabla hajaitwa mvivu, kuliacha andalio lake katikati ya kipindi kwa sababu ameona halifai, na kuipanga sauti yake ifike nyuma bila kugeuka kelele. Watetezi wa pendekezo wanasema kwamba shule za mazoezi ni chache, usafiri ni ghali, na wakufunzi hawatoshi kuwafikia wanachuo wote. Hayo ni matatizo ya kweli, na yanastahili kupelekwa wizarani kama yalivyo. Cheti kutoka ng'ambo hakiyaondoi. Kinayaficha tu, na atakayelipa gharama ya maficho hayo ni mtoto wa darasa la kwanza, mwaka mmoja au miwili baadaye.

Lakini kwa mwanachuo anayetaka kuuomba uanagenzi huo nje ya saa za chuo, tunasema aombe. Aulize kwanza kazi yake itasomwa na nani, itarudi baada ya siku ngapi, na kama atapewa sababu au alama tu. Akijibiwa kwamba atatumiwa maagizo na mwishoni cheti, aache. Aulize pia kazi hiyo itamfikia mtoto gani, na kwa njia ipi. Shirika lisiloweza kujibu swali hilo halina la kumfundisha mwalimu.

Chuo nacho kina sehemu yake. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu mashuleni, na chumba chetu cha kompyuta hufungwa saa kumi jioni, ilhali hiyo ndiyo saa ambayo wanachuo huanza kupata nafasi. Tungependa kifunguliwe hadi saa mbili usiku, ili kazi ya shirika isigharimiwe na posho ya mwanachuo. Tungependa pia kwamba katika mazoezi yajayo kila anayekagua hadithi azichukue mbili darasani, azisome pamoja na watoto, na aandike maneno yaliyowakwamisha na mahali hasa walipotua. Nakala moja apelekewe mhariri, nyingine ibaki kwa mkufunzi wa Kiswahili, ambaye ataihitaji pengine kuliko mhariri. Mwanachuo asiye na kompyuta asiachwe nje ya kazi hii. Hadithi huandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya manila, matokeo huandikwa daftarini, na mwenzake aliye na kifaa huyapeleka yote kwa jina la mwenyewe.