Mwenye Kisukari, Usingoje Giza



Je, wewe au mzazi wako ana ugonjwa wa kisukari? Soma habari hii mpaka mwisho. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

Mimi ni mganga kijana wa zahanati. Siku moja alikuja mzee mmoja, mkulima. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Alisema, "Mwanangu, naona vidoa vyeusi vinaelea mbele ya macho." Nilimjibu, "Mzee, huo ni uzee tu." Nikampa dawa ya matone, akaenda zake. Aliporudi, alishikwa mkono na mjukuu wake. Jicho moja lilikuwa halioni tena. Kosa lile lilikuwa langu. Ndiyo sababu naandika leo.

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga. Utando huo unalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu, mishipa hiyo huharibika. Huvuja maji na damu. Miwani haiponyi ubovu huo. Dawa ya matone haiponyi pia.

Mwanzoni ugonjwa huu hauumi. Mgonjwa huona vizuri, kumbe jicho linaharibika. Akianza kuona ukungu, mara nyingi amechelewa. Lakini ukijulikana mapema, waganga wa macho wanaweza kuuzuia kwa mwanga wa leza au kwa sindano.

Kwa maoni yangu, kila mtu mzima mwenye kisukari apimwe macho mara tu ugonjwa unapojulikana, kisha kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Mganga hutia dawa ya kupanua mboni, ndipo aone vizuri nyuma ya jicho. Dawa hiyo huleta ukungu kwa saa chache, kwa hiyo nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani. Zahanati haina vifaa hivyo. Omba barua ya kwenda hospitali kubwa yenye waganga wa macho, kama KCMC mjini Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam.

Utasema nauli ni ghali. Ni kweli. Lakini tunachangiana harusi na matanga. Kwa nini tusichangiane macho?

Tumia dawa zako kila siku. Pima sukari na shinikizo la damu. Acha sigara. Na mganga akikuambia, "Ni uzee tu," usiondoke. Muulize, "Je, macho yangu yamepimwa mpaka nyuma?"